Tarakilishi Hufikiri Vipi Katika Sataranji?

Katika makala haya ningependa tuchungulie pamoja ndani ya tarakilishi, tuone inafanya nini hasa inapocheza sataranji, mchezo ambao wengi wetu hapa shuleni tumezoea kuuita chesi. Usiogope ikiwa hujui kuucheza. Ukiwa umewahi kukaa chini ya mti ukacheza drafti kwa vizibo vya soda, basi nusu ya nitakayoyaeleza unayajua tayari.

Chanzo cha makala haya ni aibu yangu mwenyewe. Katika mashindano ya mabweni nilipewa meza ya mwisho. Alama za mabweni mawili zilikuwa sawa, kwa hivyo mchezo wangu ndio ungeamua kikombe kiende wapi. Katikati ya mchezo nikaona kitunda cha mwenzangu kimekaa pembeni peke yake, hakina mlinzi. Malkia wangu alikuwa na njia nyeupe ya kukifikia, na nyuma ya kitunda hicho kulikuwa na ngome. Nikajiambia, "Nikila hiki, zamu ijayo nala na ngome. Kazi kwisha!" Nikala. Mwenzangu akatulia kidogo, kisha akasogeza askofu wake miraba miwili tu. Kumbe amefunga mlango! Malkia wangu hakuwa na pa kutokea. Muda si muda nilikuwa nikimpa mkono wa pongezi, na kikombe kikaenda kwao. Waama, tamaa mbele, mauti nyuma.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwenye maabara ya tarakilishi, nikazipanga kete vilevile zilivyokuwa siku ile, nikaiuliza programu ya sataranji: je, malkia akila kitunda? Kabla sijaondoa kidole, ikaniandikia kutoa 8. Yaani hasara tupu. Rafiki yangu aliyekuwa kando akasema, "Wacha wee! Kompyuta ina akili kutuliko. Sasa sisi tunajifunza chesi ya nini?"

Swali hilo lilinikosesha raha. Nikalipeleka kwa mwalimu wetu wa Hisabati. Hakulijibu. Aliniambia tu, "Jumamosi njooni bwaloni, nyinyi kumi na watatu, na mlete chaki za rangi mbili."

1. Mti uliopinduka

Jumamosi ilipofika tulisukuma meza kando, na mwalimu akatuchorea mti sakafuni. Lakini mti huu ulikuwa wa ajabu: shina lake lilikuwa juu na majani yake chini. Shina ni mchezo ulivyo sasa hivi, kabla hujagusa kete yoyote. Kutoka kwenye shina hutoka matawi, na kila tawi ni hatua moja unayoweza kuicheza. Kutoka kwenye kila tawi huchipuka vitawi vingine, na hivyo ni majibu ya mpinzani wako. Kisha ni zamu yako tena, kisha yake, na kuendelea hivyo. Pale unapoamua kuacha kuchora, ndipo penye majani.

Hatua zangu tulizichora kwa chaki ya kijani, na za mpinzani kwa chaki ya rangi ya machungwa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kuna watu waliokwisha kuichora picha kama hii kwa tarakilishi yenyewe. Martin Wattenberg na Marek Walczak walitengeneza kazi ya sanaa iitwayo Thinking Machine. Mtu hucheza sataranji na mashine, na kila mashine inapofikiri, mistari hujipinda juu ya ubao ikionyesha hatua inazozichunguza: kijani kwa kete nyeupe, machungwa kwa kete nyeusi. Hatua inazoziona kuwa nzuri hung'aa zaidi. Ukiitazama utadhani ni buibui anayetanda utando kwa haraka isiyo na kifani.

2. Matawi ni mangapi?

Hapa ndipo wengi wetu tuliposhika vichwa. Mchezo unapoanza, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 anazoweza kuzichagua. Mwenye nyeusi naye ana 20. Kwa hivyo kila mmoja akiisha kucheza mara moja tu, kuna njia 400 ambazo mchezo ungeweza kupitia. Nyeupe akicheza tena, njia huwa 8,902. Nyeusi akijibu, 197,281. Nyeupe akicheza mara ya tatu, 4,865,609.

Hebu tuchukulie kwamba kila njia inaandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari la kurasa 96, kila ukurasa ukiwa na mistari 40. Ili kuandika njia za hatua nne za mwanzo utahitaji madaftari 52. Ukiongeza hatua moja tu, utahitaji madaftari 1,268! Na hapo mchezo bado haujachangamka, maana katikati ya mchezo mchezaji huwa na hatua kama 30 au zaidi za kuchagua katika kila zamu.

Mwaka wa 1950 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Claude Shannon alichapisha makala kuhusu namna ya kuifundisha tarakilishi kucheza sataranji. Alikadiria kuwa michezo inayowezekana ni moja ikifuatwa na sufuri 120. Ndiyo maana hakuna mashine iliyowahi kuuchora mti huo hadi mwisho. Drafti ya miraba 64 ilimalizwa mwaka wa 2007, pale Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipoonyesha kuwa kila upande ukicheza bila kosa, mchezo utakuwa sare. Sataranji haijamalizwa. Kwa hiyo tarakilishi, kama wewe na mimi, lazima ikate shauri bila kuuona mwisho.

3. Bei ya kila kete

Sasa, ikiwa mashine haiwezi kufika mwisho wa mti, itajuaje kama jani fulani ni zuri au baya? Jibu ni rahisi kama kwenda sokoni: kila kete ina bei yake. Kitunda ni 1, farasi ni 3, askofu ni 3, ngome ni 5, na malkia ni 9. Mfalme hana bei, kwa sababu akinaswa mchezo umekwisha. Mashine hufika kwenye jani, hujumlisha kete zako, hutoa za mpinzani, na kuandika nambari. Zaidi ya sufuri ni faida kwako, chini ya sufuri ni hasara.

Programu hutazama na mambo mengine pia: mfalme yuko salama? Farasi yuko katikati au amejibanza pembeni? Vitunda vimeshikana au vimetawanyika? Kila jambo huongeza au kupunguza nambari kidogo. Lakini kwa somo letu, bei za kete zinatosha.

4. Tulipokuwa tarakilishi

Mwalimu alinisimamisha kwenye shina. Wenzangu watatu wakasimama kwenye matawi. Hao walikuwa mpinzani wangu. Wengine tisa wakasimama chini kama majani, kila mmoja akiwa na karatasi yenye nambari aliyopewa na mwalimu, akiificha kifuani.

Nilikuwa na hatua tatu za kuchagua, na majibu yalikuwa hivi:

Malkia ale kitunda: kuongeza 6, kuongeza 1, kutoa 8.
Farasi aruke: kuongeza 2, kuongeza 1, kuongeza 3.
Ngome isogee: sufuri, na karatasi mbili ambazo hazijafunuliwa.

Bila shaka mmeitambua hatua ya kwanza. Ndiyo ile iliyoniaibisha. Mpinzani akilala usingizi, nala kitunda na ngome: 1 na 5 ni 6. Akiilinda ngome, nabaki na kitunda changu kimoja. Akinifungia mlango, nimepata 1 na kupoteza 9, yaani kutoa 8.

"Chagua!" mwalimu akasema. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea kwenye ile 6. Darasa likacheka.

"Ngoja," mwalimu akasema. "Ile 6 iko kwenye kitawi cha rangi gani?"

"Machungwa."

"Na chaki ya machungwa iko mkononi mwa nani?"

Nikanyamaza. Ilikuwa mkononi mwa mpinzani. Mimi nilichora tawi la kijani tu. Baada ya hapo, yeye ndiye achaguaye jani, na hawezi kunichagulia 6 akiwa ana kutoa 8 mbele yake.

Hapo mwalimu akatoa amri mbili, na amri hizo mbili ndizo moyo wa somo hili. Ya kwanza: kila aliye kwenye tawi, yaani mpinzani, atazame majani yake na kupandisha nambari iliyo ndogo kuliko zote. Ya pili: aliye kwenye shina achague iliyo kubwa miongoni mwa hizo zilizopandishwa. Malkia akaleta kutoa 8. Farasi akaleta kuongeza 1. Basi, 1 ni kubwa kuliko kutoa 8. Farasi aruke! Faida ndogo, lakini hakuna awezaye kuniondolea.

Tarakilishi hufanya hivyohivyo, hata mti uwe na ghorofa kumi au ishirini. Nambari huanza chini kwenye majani, hupanda juu, zikichujwa: zamu ya mpinzani ndogo hupita, zamu yangu kubwa hupita, mpaka shinani.

5. Kupogoa mti

Ikabaki hatua ya tatu, ya ngome. Jani la kwanza lilipofunuliwa lilikuwa sufuri. Mwalimu akawaambia wawili waliobaki, "Nyinyi kaeni chini."

Mmoja akapiga kelele, "Lakini mwalimu, hujasoma karatasi yangu! Mimi nina tisa!"

Sote tukageuka. Tisa! Nambari kubwa kuliko zote bwaloni, na inaambiwa ikae chini? Nakiri kwamba hata mimi nilitaka kumtetea. Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mpinzani amekwisha kuwa na sufuri mkononi. Hawezi kupandisha nambari iliyo kubwa kuliko sufuri, kwa sababu yeye hupandisha ndogo. Mimi tayari nina 1 ya farasi. Kwa hiyo hatua ya ngome haiwezi kunifaa, hata yale majani mawili yawe na mia moja moja. Kuyasoma ni kupoteza wakati. Hivyo tulisoma karatasi saba badala ya tisa.

Kisha tukarudia, tukianza na farasi, na kwa upande wa malkia tukamwita kwanza mwenye kutoa 8. Mara hii tulisoma karatasi tano tu, na jibu likawa lilelile! Hilo ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote. Anayetazama kwanza hatua nzuri na majibu makali hupunguza kazi yake mwenyewe. Mwalimu alitukokotolea ubaoni: ikiwa kila zamu ina hatua 35, mti wa ghorofa nne una majani 1,500,625. Ukipogolewa kwa mpangilio ulio bora kabisa, unabakiwa na majani 2,449 tu ya kusoma. Kwa hivyo msidhani nguvu ya tarakilishi ni mbio peke yake. Kujua usichohitaji kukitazama ni nusu ya kazi.

6. Mahali macho yanapokomea

Je, mashine haikosei? Hukosea. Ukiiambia itazame ghorofa tatu, kilichoko ghorofa ya nne haikioni. Tuseme katika ghorofa ya tatu malkia wake amekula kitunda. Itafurahi na kuandika kuongeza 1, kumbe katika ghorofa ya nne malkia huyo analiwa! Ni kama mtu anayetazama baharini akadhani bahari inaishia pale macho yake yanapokomea.

Dawa yake ni kutosimama katikati ya vita. Programu nzuri ikifika mwisho wa ghorofa zake na kuona kete bado zinaliana, huendelea kushuka kwenye tawi hilo mpaka vumbi litulie, ndipo ihesabu. Hivyo ndivyo mwalimu alivyozipata zile nambari za kwenye karatasi zetu.

7. Je, huku ni kufikiri?

Mambo tuliyoyafanya bwaloni si mapya. Mwingereza Alan Turing, akishirikiana na David Champernowne, alibuni programu ya sataranji kabla hakujawa na mashine iliyoweza kuiendesha. Mwaka wa 1952 akaamua kuwa mashine yeye mwenyewe. Alicheza na Alick Glennie, akifuata kanuni zake kwenye karatasi, na kila hatua ilimchukua kama nusu saa ya kukokotoa. "Mashine" hiyo ya karatasi ilishindwa katika hatua ya 29.

Ilichukua miaka 45 kutoka karatasi hizo hadi Mei 1997, pale tarakilishi ya IBM iitwayo Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov jijini New York, alama tatu na nusu kwa mbili na nusu. Mwaka mmoja kabla, 1996, Kasparov ndiye aliyeshinda, nne kwa mbili. Deep Blue ilikuwa na uwezo wa kuchunguza hali milioni 200 za mchezo kwa sekunde moja. Hesabu ni zile tulizozifanya bwaloni. Tofauti ni wingi wa majani na ufundi wa kuyapa bei.

Halafu Desemba 2017 ikatangazwa programu iitwayo AlphaZero. Hii haikupewa bei za kete na binadamu. Ilipewa sheria za mchezo tu, ikacheza na nafsi yake michezo mamilioni, ikajifunza yenyewe hali ipi inaelekea ushindi. Ilipokuwa ikicheza ilichunguza makumi ya maelfu ya hali kwa sekunde, ilhali Stockfish, mpinzani wake ambayo nayo ni programu, ilichunguza makumi ya mamilioni. Lakini AlphaZero ndiyo iliyoshinda. Hata hivyo, nayo hutembea kwenye mti. Ila imejifunza ni matawi gani yanayostahili kutembelewa.

Basi rafiki yangu aliyesema kompyuta ina akili kutuliko alikuwa na haki? Maoni yangu ni haya. Tarakilishi haikujua kwamba kuna kikombe. Haikujua bweni letu lilikuwa nyuma yangu likishangilia. Haina hofu wala tamaa. Lakini, na hili ndilo lililoniuma, haina pia matumaini ya uongo. Mimi nilipokula kile kitunda, sikuwa nimeshindwa na hesabu. Hesabu ya 1 kutoa 9 hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Nilishindwa kwa sababu nilitumaini mwenzangu hataona. Nilimdharau. Mashine haimdharau mtu yeyote; kila mpinzani humchukulia kuwa ataona kila kitu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

8. Funzo

Kwa hivyo tunajifunza chesi ya nini, ikiwa mashine inatushinda? Tunajifunza kwa sababu ile ile tunayokimbia ingawa gari ni jepesi kuliko sisi: ili miguu iwe yetu. Huwezi kuchunguza hali milioni 200 kwa sekunde, wala huhitaji. Kanuni moja ya mashine yatosha kuibeba mfukoni: kabla hujagusa kete, uliza, "Naye je?" Nikicheza hivi, jibu kali kuliko yote alilo nalo ni lipi? Kama ni kwenye mdahalo, uliza vivyo hivyo: nikitoa hoja hii, upinzani utaipinga vipi? Ukiwa huna la kujibu, itafute hoja nyingine.

Nimeyaandika maneno hayo mawili, "Naye je?", juu ya jalada la daftari langu. Juzi nilicheza tena na mwenzangu yule aliyenipokonya kikombe. Katikati ya mchezo akaacha kitunda pembeni, peke yake, hakina mlinzi. Nikakitazama kwa muda mrefu. Nikakiacha. Tulitoka sare, na baadaye akaniambia kwa kicheko, "Ulikuwa mtego ule!" Nikamwambia, "Najua. Nimeuchora kwa chaki ya machungwa."

Msamiati

Bwalo: ukumbi wa kulia chakula shuleni.
Kete: kila kimoja cha vitu vinavyochezewa juu ya ubao.
Kitunda: kete ndogo ya mstari wa mbele; kila upande huwa nayo minane.
Ngome: kete inayokwenda wima au mlalo kwa mstari ulionyooka.
Kupogoa: kukata matawi yasiyohitajika.

Zoezi

Una hatua tatu. Ya kwanza ina majani 4, kutoa 2, na 6. Ya pili ina 3, 2 na 5. Ya tatu ina 1, 7 na 9.
(a) Utachagua hatua ipi?
(b) Ukiyasoma kwa mpangilio huo, ni majani gani usiyohitaji kuyasoma?
(c) Ukianza na hatua ya pili, kisha ya kwanza, kisha ya tatu, utasoma majani mangapi?

Majibu: (a) Ya pili, kwa sababu mpinzani hawezi kukushusha chini ya 2. (b) Yale 7 na 9 ya hatua ya tatu. (c) Sita.